Ubao wa futi 6 kwa 4, treni ndogo ya kwanza: ninunue reli ipi?

BabaNeema, Leicester

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nina ubao wa plaiwudi wa futi 6 kwa 4 umeegemea ukuta wa chumba cha wageni tangu Krismasi, na mama Neema ameshaanza kuuliza wageni watalala wapi. Nataka kutengeneza njia ya treni ndogo na binti yangu wa miaka minane. Jirani alitupa boksi lake la zamani: kichwa kimoja cha Hornby cha magurudumu sita, mabehewa mawili mafupi ya mizigo, kontrola, na duara la reli. Hizo reli zimeota kutu. Treni inakwenda vizuri, ikifika kiungo fulani inakata, mpaka uisukume kwa kidole.

Kwa hiyo reli nanunua upya, na hapo ndipo nilipokwama. Nikiingia dukani naona Hornby, Peco, Bachmann. Peco wenyewe wana Setrack na Streamline. Ndani ya Streamline kuna Code 100 na Code 75, na muuzaji akanisukumia Code 75 kwa maelezo kwamba ndiyo ya watu wanaoijua kazi. Nikifungua simu naona zile za Kijerumani zenye kokoto za plastiki chini, zinashikana zenyewe, zinapendeza kwelikweli.

Tunachotaka: treni izunguke bila kusimama (sharti la binti), stesheni moja, njia mbili tatu za pembeni za kupanga mabehewa, na ikiwezekana njia moja ipite juu ya nyingine kwa daraja. Halafu mimi ni mtu wa Ifakara, nimelala usingizi wa utoto wangu wote nikisikia TAZARA ikipita. Siku moja ningependa niwe na treni inayofanana na ile. Reli nitakayonunua leo itanifaa siku hiyo, au itakuwa ya kutupa?

Mzee wa Gengi, Bradford

Marahaba, mwanangu. Mimi mshahara wangu wa ujana umetoka kwenye gengi la njia, upande wa Voi, kwa hiyo univumilie nikisema zaidi habari za reli kuliko za treni.

Hayo majina matatu yasikutishe. Reli za Hornby, Setrack ya Peco (vipande vilivyopindwa na kukatwa tayari) na zile za kawaida za Bachmann zina kimo kimoja na zinaungana. Weka mnyoofu wa huyu na kona ya yule, treni haitajua. Chukua zilizopo dukani siku uliyokwenda na pesa.

Kinachoamua kila kitu ni kona. Setrack ina kona za namba. Nusukipenyo cha kona ya kwanza ni milimita 371, ya pili 438, ya tatu 505, ya nne 572. Kila moja imeizidi mwenzake kwa 67 hivi, na hiyo 67 ndiyo nafasi kati ya njia mbili zinazokwenda sambamba. Sasa leta ubao wako. Futi 4 ni 1220. Kona ya nne ikigeuka nusu duara inataka 1144 kutoka katikati ya njia huku hadi katikati ya njia kule. Inabaki kama 38 kila upande, na ncha za behewa refu likiwa kwenye kona hutokeza nje. Likianguka, linaangukia sakafuni. Kona ya tatu inataka 1010, inakuachia sentimita kumi huku na kumi kule. Hiyo iwe njia yako ya nje. Ukitaka njia ya pili kwa ndani, tumia kona ya pili. Kona ya kwanza usiinunue hata kwa bei ya kutupa, maana vichwa vingi vinavyotengenezwa siku hizi vimeandikwa kwenye boksi kwamba havipiti penye kona kali kuliko ya pili.

Urefu nao: futi 6 ni 1830. Toa 1010 za kona mbili, unabaki na 820. Mnyoofu wa kawaida ni 168. Vinne ni 672, na ncha zote mbili zinabakiwa na sentimita saba na kitu. Ubao umejaa, na stesheni bado hujaiweka.

Ndiyo maana daraja nakukatalia mapema, kabla hujamwahidi mtoto. Njia ya juu inatakiwa iinuke kama milimita 75 ili treni ipite chini yake. Mteremko wa 1 kwa 33 tayari ni mkali kwa kichwa kidogo chenye mabehewa nyuma, na kwa mteremko huo kupanda 75 kunakula mita mbili na nusu. Kushuka, mbili na nusu nyingine. Mzunguko wako wote wa nje, kona na minyoofu, ni mita nne na nusu. Kwa hesabu hiyo hata pa kusimamisha treni hapapo.

Sasa hiyo Code. Namba ile ni kimo cha reli kwa sehemu za elfu za inchi. Code 100 ni milimita 2.54, Code 75 ni 1.9. Ile fupi inapendeza zaidi kwa macho, sikatai, kwenye picha inafanana na reli. Lakini kichwa cha zamani kama cha jirani yako huenda magurudumu yake yana kingo nene zinazoshuka chini sana, nazo zitagonga vishikio vya reli, tak-tak-tak, njia nzima. Na Setrack ni Code 100 tu. Nunua Code 100, mbavu za reli zipake rangi ya kutu, mwaga kokoto katikati ya mataruma (vile vipande vya kulazia reli), kisha simama hatua mbili nyuma. Huyo muuzaji mwite aje akuambie ni Code ngapi.

Kabla ya kutupa hizo za zamani, pitisha sumaku. Ikinasa, ni chuma, tupa. Isiponasa ni ile aloi ya shaba, nikeli na zinki. Isafishe kwa spiriti uitumie. Ile nayo hufifia, lakini haili kutu kama chuma.

Chungwa, Ujerumani

Shikamoo Mzee, na karibu BabaNeema.

Niko kusini huku, si mbali na Göppingen kwa Märklin wenyewe, na hizo reli zenye kokoto za plastiki ndizo watoto wangu wanazochezea. Ni imara. Wanazifunga na kuzifungua juu ya zulia bila mimi kuitwa. Lakini kabla hujalipa, tazama katikati ya mataruma. Ukiona vidoti vya chuma, hiyo ni C-Gleis ya Märklin, mfumo wa reli tatu: umeme unapandia kwenye vidoti na kurudi kwa reli zote mbili kwa pamoja. Kichwa chako cha Hornby kinachukua umeme upande huu na kuurudisha upande ule. Juu ya C-Gleis kitakaa kimya. Na ukifanya kinyume, ukaweka behewa la Märklin juu ya reli za Kiingereza, ekseli zake zinaunganisha gurudumu na gurudumu, unapata shoti hapohapo.

Trix wanauza reli yenye sura ileile bila vidoti, hiyo ni ya reli mbili na kichwa chako kitatembea. Roco wana geoLine, Wajapani wa Kato wana Unitrack. Zote nzuri. Shida ni kwamba kila mmoja ana klipu zake na vipimo vyake, ukianza na mmoja umeolewa naye.

Kitu kimoja reli tatu inaishinda reli mbili: unaweza kutengeneza kitanzi, treni ikaingia, ikazunguka na kutoka kwa njia ileile ikiangalia ilikotoka. Kwa reli mbili ukifanya hivyo, ya kushoto inakutana na ya kulia, shoti. Wanaoanza huchora vitanzi hivyo bila kujua, kwa hiyo BabaNeema, mchoro wako uutazame kwa jicho hilo.

Na hapa sikubaliani na Mzee kidogo. Kama chumba ni cha wageni na ubao utakuwa unaondolewa kila wageni wakija, reli yenye kitanda ni bora, utaiweka na kuiondoa. Setrack tupu juu ya zulia inavuta nyuzi na nywele, zinaingia kwenye ekseli.

Mzee wa Gengi, Bradford

Marahaba, bibi. Zulia hilo umenishinda. Lakini yeye ana ubao, na mke wake ameshausema. Ubao uinamishwe ukutani ukiwa na reli zake zilizopigiliwa, wageni wakilala unainuliwa kama kitanda cha kukunja. Watu wengi hapa Uingereza wanafanya hivyo kwa bawaba mbili.

Kamba ya Mkonge, Tanga

Naongezea upande wetu, kwa wanaosoma wakiwa pwani.

Reli za chuma huku usijaribu. Hewa ya chumvi inazimaliza hata zikiwa ndani ya boksi. Alichosema Mzee cha sumaku kifanyeni kabla ya kumpa ndugu hela ya kukununulia mtumba huko Ulaya.

La pili: zile reli za kujipinda wenyewe za Streamline zina urefu wa yadi moja, milimita 914. Hakuna sanduku la ndege la kawaida linalozimeza, na ukizikunja zinabaki na kidonda. Mimi vipande vyote nimeletewa Setrack, kipande kirefu ni 335, vinalala chini ya nguo. Mnaoagiza, agizeni hivyo.

Na swali kwa Mzee: joto. Reli zangu ziko kwenye chumba cha bati, mchana zinajikunja.

Mzee wa Gengi, Bradford

Umezibana mwisho kwa mwisho. Kwenye kila fishipleti (kile kibati cha kuungia reli na reli) acha mwanya wa unene wa karatasi ngumu, na uunge asubuhi mapema kukiwa na baridi uache mwanya mkubwa zaidi, ukiunga saa nane mchana zibane karibu. Kule Mtito ndivyo tulivyofanya na reli ya kweli, na hakuna aliyetuambia ni elimu. Na ubao wenyewe ukiwa plaiwudi mbichi utacheza kuliko reli, upake rangi pande zote mbili.

BabaNeema, Leicester

Asanteni sana. Sumaku imenasa kila kitu isipokuwa minyoofu miwili. Daraja nimeshaliondoa kwenye karatasi. Neema ameamua tutachora mto kwenye kona na treni ipite juu yake bila kupanda, mto ndio utashuka. Nimeona ni akili kuliko yangu.

Maswali mawili yamebaki. Pointi, zile za kugawia njia: Peco wameandika Insulfrog, Electrofrog, Unifrog. Ipi? Na ile TAZARA yangu hakuna aliyeigusa.

Mzee wa Gengi, Bradford

Neema atafika mbali. Ubao ukate kidogo pale kwenye kona, shimo la sentimita tano linatosha, reli ibaki juu ya kipande chembamba. Daraja limepatikana.

Pointi ndipo pesa yako iende. Kwenye mnyoofu utaokoa senti, kwenye pointi usiokoe. Tazama pale katikati ambapo reli mbili zinakatana kwa ncha. Kwenye Insulfrog hapo ni plastiki, pamekufa, hapana umeme. Kichwa kifupi kikienda polepole, magurudumu yakadondokea hapo huku mengine yana uchafu, kinazima. Kwenye Electrofrog hapo ni chuma na pana umeme, treni inapita kama haikuona kitu, lakini lazima uweke viungo vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka hapo, la sivyo shoti. Unifrog ni ya karibuni zaidi: chuma kidogo kilichotengwa, kina waya wake chini, unaweza kuuacha hivihivi au kuuunga baadaye ukishajua kulehemu.

Pointi za Setrack zilizojaa madukani ni za Insulfrog, na kwa mwanzo wako sina ugomvi nazo. Nusukipenyo chake ni kama kona ya pili, 438, na urefu wake ni 168, sawasawa na mnyoofu mmoja, kwa hiyo unatoa mnyoofu, unaweka pointi. Tena kwa kontrola ya kawaida kama yako zina faida: pointi ikielekezwa njia kuu, njia ya pembeni inakatika umeme. Unaweza kuegesha kichwa cha pili pale na kisitikisike. Kichwa chako cha magurudumu sita kitapita, ila magurudumu yafute kwa spiriti kila mara.

Usichanganye tu bila kupima. Pointi za Streamline zinatoka kwa nyuzi 12, za Setrack kwa nyuzi 22 na nusu. Streamline njia sambamba ziko karibu, milimita 50, Setrack 67. Ukiweka ya Streamline ndani ya mzunguko wa Setrack, mwisho hazikutani, na utaanza kukata vipande vidogo usiku. Na nafasi ya 67 haikuwekwa kwa uvivu, ni kwa ajili ya mabehewa marefu yasigongane mabega kwenye kona kali.

Sasa ramani, kwa ubao huu. Mzunguko mmoja wa kona ya tatu, vipande vinane vya kona ndefu za nyuzi 45. Mnyoofu wa mbele ndio stesheni. Minyoofu minne huku, minne kule. Ndani ya mzunguko toa njia mbili za kuegesha, pointi moja kwenye mnyoofu wa mbele, ya pili juu ya njia uliyokwisha kuitoa. Njia ya kupishana ndani ya stesheni, naona watu watakushauri, lakini ukishaweka pointi mbili ncha hizi na hizi unabakiwa na mnyoofu wa 336 tu katikati. Behewa moja la abiria la Kiingereza la aina ya Mk1 ni kama 265. Utapishanisha nini? Wewe tumia mabehewa mafupi ya mizigo na kimoja cha abiria cha kizamani, ubao utaonekana mkubwa.

TAZARA. Upana wa njia yake, reli hadi reli, ni milimita 1067. Reli yako ya OO, kipimo cha hiki cha Hornby, ni 16.5. Gawanya, unapata 64 na kitu. Basi kuna wenzetu Nyuzilandi, Queensland na Afrika Kusini, ambao nchi zao zina njia za 1067, wanatengeneza treni kwa kipimo cha 1:64 na kuzipitisha juu ya reli hizihizi za 16.5. Kwa hiyo reli hutupi. Kichwa na mabehewa ndivyo utakavyovitengeneza kwa mikono au kuchapa, maana dukani havipo, na treni itakuwa kubwa kuliko hiki cha Hornby kwa sababu OO ni 1:76. Na kona: treni ya 1:64 kwenye kona ya tatu, chukua kichwa kifupi cha kupangia mabehewa, lile dizeli refu liache.

Reli ya kati, ile ya mita moja inayokutana na TAZARA pale Kidatu mizigo ikahamishwa, hiyo ni hesabu nyingine. Wanaotengeneza treni za milima ya Uswisi hutumia 1:87 juu ya reli ya milimita 12, inakuja kama 1044. Huko ndiko niliko mimi. Nina Garratt ya daraja la 59, kile kichwa kikubwa cha mvuke cha Afrika Mashariki, mezani imefika nusu, kwa karatasi ngumu na shaba. Zile zilitengenezwa na Beyer, Peacock hapa Manchester, jumla yake 34, na mbili bado zimesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ukiniuliza kona yake nitakuambia hainusi ubao wako.

Na kama binti atataka ile treni mpya ya umeme ya Dar hadi Dodoma, hiyo ni 1435, kwa 1:87 ndiyo 16.5 kamili. Tena reli hiyohiyo.

Chungwa, Ujerumani

BabaNeema, ukichoka mzunguko unazunguka tu, tafuta mpango unaoitwa Inglenook Sidings, wa Mwingereza Alan Wright. Pointi mbili, njia tatu: moja inachukua mabehewa matano, mbili zinachukua matatu matatu. Unaweka mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu na unatakiwa uyapange kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano ni 6720. Zile njia mbili za Mzee, ukizipa urefu huo, tayari umeshaupata ndani ya mzunguko wako. Mwanangu wa kiume hana habari na kuzunguka tena.

BabaNeema, Leicester

Nimeagiza. Kona za tatu nane, minyoofu, pointi mbili, fishipleti za akiba, koki nyembamba ya kuweka chini na misumari midogo. Umeme naweka waya mmoja tu wa kontrola, au zaidi? Na misumari napigilia mpaka mwisho?

Mzee wa Gengi, Bradford

Umeme weka sehemu mbili, mbele na nyuma, usitegemee fishipleti zibebe mzunguko mzima. Zikilegea ndipo ile tabia ya kukata inaporudi. Waya wa reli ya nje uwe rangi moja pande zote mbili, wa ndani rangi nyingine, usije ukavigeuza.

Misumari usipigilie mpaka mwisho. Taruma ni plastiki, ukiligonga katikati linabonyea, reli mbili zinasogeleana na magurudumu yanapanda. Acha nafasi ya karatasi kati ya kichwa cha msumari na taruma. Kwenye pointi, pale panapotembea ule upau wa kuhamisha ncha, pasiguswe na gundi wala kokoto. Kokoto ziweke mwisho kabisa, treni ikishazunguka bila kukata.